Zinki, mimba na presha ya ukubwani

Pole na hofu, dada wa Ujiji. Unasema mtoto wako wa kwanza alizaliwa mdogo, sasa una mimba ya miezi mitano, na umesikia kwamba mtoto akikosa zinki, madini yanayopatikana kwenye chakula, akiwa tumboni mishipa yake ya damu huharibika ukubwani. Habari hiyo ina mzizi, ila imekuzwa. Imeonekana kwa panya: mama akipunguziwa zinki, watoto wake hukua na presha ya juu, na mishipa yao hupungukiwa nitriki oksidi, gesi inayoilegeza. Kwa binadamu bado haijathibitishwa. Kilicho wazi zaidi ni kwamba waliozaliwa na uzito mdogo huelekea kupata presha kuliko wengine. Huelekea tu, si lazima.

Vidonge vya zinki usijinunulie dukani, vikizidi huzuia mwili kufyonza shaba, madini mengine unayoyahitaji. Meza vya kuongeza damu unavyopewa kliniki, na usivisindikize na chai.

Kazi kubwa iko jikoni. Ugali wa muhogo zinki yake ni haba, na mawese, pamoja na utamu wake wote, hayana. Dagaa je? Hapo Kigoma mmejaliwa! Kula mzima, na kichwa chake. Maharage loweka usiku kucha, maji yale mwaga, pikia mengine; zinki itafyonzwa vizuri zaidi.

Kuhusu yule mtoto wako wa kwanza, mwambie daktari uzito aliozaliwa nao, apimwe presha. Wewe ukiumwa kichwa sana, ukiona ukungu au ukivimba uso, nenda hospitali siku hiyohiyo, usingoje tarehe ya kliniki.