Je, tofauti ya asilimia ngapi hutosha kutenga spishi mbili za panya wa jangwani?

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa uzamili hapa Muscat. Nimesoma kwamba yarbuu mdogo wa Misri, yule panya mrukaji ambaye jina lake la kisayansi ni Jaculus jaculus, amegundulika kwa njia ya vinasaba kuwa ni spishi mbili zinazofanana. Nami nina vipande vya masikio ya panya wa jangwani ambavyo vimegawanyika makundi mawili kwa jeni moja ya mitokondria. Je, makundi yatofautiane kwa asilimia ngapi ndipo niseme nina spishi mbili?

JIBU: Ndugu msomaji, hakuna asilimia inayotosha peke yake, na habari ya huyo yarbuu uliyemtaja inaonyesha vizuri kwa nini.

Mnyama huyu ana uzito kama wa yai la kuku. Miguu yake ya nyuma ni mirefu, yenye vidole vitatu na nyayo zilizoota nywele, na mkia unaozidi urefu wa mwili huishia kwenye kishada cheusi chenye ncha nyeupe. Mwanasayansi wa Uswidi Linnaeus alimpa jina mwaka 1758. Mwaka 1968 mtafiti Ranck, aliyechunguza panya wa Libya, alishikilia kwamba ndani ya jina hilo mna spishi mbili, lakini waliomfuata waliziunganisha tena, na hawakukosa hoja: rangi ya manyoya ya panya wa jangwani hufuata sana rangi ya ardhi wanayoishi, kwa hiyo ni shahidi wa kuhojiwa kwa makini.

Miaka ya 2010 jeni ya saitokromu b, iliyomo katika mitokondria (viungo vidogo vya seli vinavyozalisha nishati na vyenye vinasaba vyao wenyewe) na yenye herufi 1,140 za DNA, iliposomwa kutoka kwa wanyama wa Tunisia na sehemu nyingine za Afrika Kaskazini, walijitenga katika koo mbili zinazotofautiana kwa takriban asilimia 10, yaani zaidi ya herufi mia moja, ilhali wanyama wa koo zote mbili walinaswa katika maeneo yale yale. Hapo ndipo wengi hufunga daftari, na hapo ndipo hasa kazi inapoanza. Mitokondria hurithiwa kwa mama peke yake. Jeni hiyo inakupa habari za kuukeni tu, na mambo ya kuumeni haiyajui. Koo mbili za kuukeni zinaweza kuachana kwa muda mrefu, pengine kwa sababu ukame uliwatenga wanyama, kisha wakakutana tena na kuzaliana bila kizuizi chochote, na jeni hiyo bado ikaendelea kukuonyesha makundi mawili safi ambayo kwa kweli ni jamii moja inayooana.

Kinachoamua ni jeni za kiini cha seli, ambazo kila mnyama hupata nusu kwa baba na nusu kwa mama. Chukua wanyama walionaswa mahali pamoja. Ikiwa wanaoana ovyo, baada ya vizazi vichache jeni zao za kiini zitakuwa zimechanganyika kama karata, na hutaweza kubashiri mnyama ana jeni gani za kiini kwa kujua tu ukoo wa mama yake. Ikiwa badala yake jeni kadhaa zisizotegemeana zinarudia mgawanyiko uleule wa mitokondria, basi kuna kitu kinachowazuia kuzaliana, hata kama wanaishi jirani. Kwa yarbuu wa Afrika Kaskazini ndivyo ilivyoonekana: matawi yaleyale mawili, na mchanganyiko mdogo tu kati yao.

Vinasaba vilipokwisha kuwapanga, watafiti walirudi kuwatazama upya wanyama wenyewe. Utafiti wa mwaka 2016 kutoka Israeli na Sinai ulikuta spishi moja ikishikamana na matuta ya mchanga na nyingine ikipendelea ardhi ngumu. Spishi zinazofanana hivi wanasayansi huziita «zilizofichika», lakini kwa maoni yangu neno hilo hapa linatusitiri sisi watazamaji kuliko linavyowaeleza wanyama. Spishi ya pili ilikuwa imezoeleka kuitwa deserti, jina la mwaka 1867, lakini kwa kuwa jina hirtipes lilikwisha kutolewa mwaka 1823 kwa mnyama wa Saqqara huko Misri, kanuni ya jina lililotangulia inalipa haki hilo la zamani.

Sasa tuje kwenye sampuli zako. Kwanza hakikisha unachokisoma ni mitokondria kweli, kwa maana nakala kuukuu za jeni zake huhamia ndani ya kiini na kukudanganya. Ukiona vilele viwili vinagongana mahali pamoja katika mchoro wa mashine ya kusoma vinasaba, au ishara ya kikomo, ambayo hutakiwa kuwa mwishoni, inatokea katikati ya jeni, usiitumie sampuli hiyo. Kisha ongeza jeni kadhaa za kiini, na utafute angalau mahali pamoja ambapo makundi yako mawili yanaishi pamoja, kwa sababu yakitengwa na mamia ya kilomita, kutochanganyika kwao huenda kunatokana na umbali tu. Ukiweza, hesabu pia kromosomu: miongoni mwa panya wenye manyoya ya miiba wa jenasi Acomys, wa Cairo ana 36 na yule wa Sinai na Uarabuni ana 38, ingawa ukiwatazama kwa macho utawachanganya. Lakini kromosomu huhitaji seli hai, na kipande cha sikio kilichokwisha kutiwa kwenye spiriti hakitakupa, kwa hiyo itakubidi urudi porini na mitego yako.