Upande wa juu unawaka kwa kilohezi 20, unazima kwa hezi 50

Swali: Fundi, nimeunda inveta (kifaa cha kugeuza umeme wa betri kuwa wa AC) ya volti 24 kwa mosfeti za IRF3205, zile swichi za kielektroniki. Draiva, chipu inayoziwasha na kuzizima, ni IR2110 inayolishwa volti 12. Nilipoijaribu kwa kilohezi 20 ilikwenda vizuri. Nikishusha hadi hezi 50, mosfeti za chini zinafanya kazi lakini za juu ni kama zimekufa. Nimebadilisha IR2110 mbili na mosfeti tatu, hali ni ileile. Kapasita ya butistrapu ni nanofaradi 100, na kila geti (mguu wa kuwashia mosfeti) lina rezista ya kiloomu 10 kwenda kwenye sosi (mguu wa kutolea umeme). Je, kosa liko kwenye programu?

Jibu: Programu iache kwanza. Na vipuri ulivyong'oa usivitupe, huenda vyote ni vizima.

Mosfeti ya juu haijali volti za kutoka ardhini. Inajali zilizo kati ya geti na sosi yake. Ikiwaka, sosi inapanda hadi karibu volti 24, kwa hiyo geti linatakiwa kufika 34 na zaidi. Volti hizo za ziada zinatoka kwenye ile kapasita ya butistrapu, iliyo kati ya mguu wa 5 wa draiva (ulioungwa na sosi ya mosfeti ya juu) na wa 6. Inajazwa kupitia daiodi pale tu mosfeti ya chini inapowaka na kuuvuta mguu wa 5 chini. Ya juu ikishawaka, hakuna kinachoingia tena: kapasita inakula akiba.

Sasa tupige hesabu ya matumizi. Rezista ya kiloomu 10 kwa volti 12 inakunywa miliampea 1.2. Draiva yenyewe, upande wa juu, inaweza kula hadi 0.23. Jumla ni kama 1.4. Kwa hezi 50, nusu mzunguko ni milisekunde 10; zidisha kwa miliampea 1.4, unapata chaji ya mikrokulombi 14. Kapasita yako ikijaa kabisa ina mikrokulombi 1.1 hivi! Volti zake zikishuka hadi karibu 8, IR2110 inazima geti kwa makusudi ili mosfeti isiungue, na haiwashi tena mpaka pulsi inayofuata. Kwa hiyo mosfeti zako za juu zinawaka kwa sehemu ndogo tu ya milisekunde, kisha kimya. Kwa kilohezi 20 nusu mzunguko ni mikrosekunde 25 tu, ndiyo maana uliponea, tena chupuchupu.

Ukikubali kushuka kwa volti 1, unahitaji angalau mikrofaradi 14. Weka 22 au 33, na ile ya nanofaradi 100 ibaki sambamba nayo, karibu kabisa na miguu ya draiva. Njia ninayoipenda zaidi ni kubadilisha rezista za juu ziwe kiloomu 100: matumizi yanashuka hadi miliampea 0.35, na mikrofaradi 10 inatosha kwa raha. Usiziondoe kabisa. Geti lisilo na pa kumwagia chaji linaweza kujiwasha lenyewe draiva ikikosa umeme. Kwa kuwa kapasita sasa ni kubwa, tia omu chache mfululizo na daiodi, na programu iwashe mosfeti za chini kwanza kwa milisekunde kadhaa kabla ya pulsi ya kwanza ya juu.

Kuhakikisha: kata volti 24, washa upande wa chini peke yake, kisha pima kwa multimita kati ya miguu ya 5 na 6. Ukikosa kama volti 11, tatizo ni daiodi au njia yake. Ukizipata, rudisha volti 24 na utumie oskiloskopu: probu moja mguu wa 6, nyingine wa 5, na uiambie itoe tofauti. Usibane klipu ya ardhi kwenye mguu wa 5. Klipu hiyo imeungana na ardhi ya ukutani, na kama hasi ya ugavi wako nayo imeungana nayo, mosfeti ya juu ikiwaka inashoti volti 24 moja kwa moja ardhini. Mimi niliwahi kuyeyusha waya wa probu hivyo hivyo. Kwenye skrini utaona mteremko ukishuka kutoka 11 kuelekea 8, kisha geti linakatika hapohapo.