Geko wako akikataa kula, pima sakafu kwanza

Julai ya mwaka wangu wa pili na Zafarani, geko chui wangu, mjusi wa kufugwa mwenye madoa kama ya chui, alikataa kula siku 19 mfululizo. Tulikuwa tukikaa Kibokoni, Mji wa Kale wa Mombasa, nyumba ya zamani yenye kuta nene za mawe, na upepo wa kusi ulikuwa umeshika. Kila magharibi nilimwekea nyenje watatu. Kila alfajiri niliwakuta wote watatu wazima, wawili chini ya kisahani cha maji na mmoja amekaa juu ya mgongo wa Zafarani kama abiria. Nilikuwa nikiamka usiku kumtazama kwa tochi, na moyo ukinienda mbio.

Nakuandikia wewe uliyempata geko chui juzi, na sasa unaona chakula kinabaki. Najua unachotaka kufanya, kwa sababu ndicho nilichofanya mimi. Nilibadilisha nyenje nikaleta panzi. Nikabadilisha panzi nikaleta funza wa unga. Nikamfuata na kibano hadi pangoni, nikamgusisha mdudu mdomoni, nikamshika mkononi kila usiku kumkagua. Duka moja la dawa za mifugo likaniuzia vitamini za kuku, nikamdondoshea puani. Wiki mbili nilihangaika na mdomo wake, na shida ilikuwa chini ya tumbo.

Mnyama huyu, ambaye wataalamu humwita Eublepharis macularius, kwao ni nchi kavu za mawe: Afghanistan, Pakistan, na kaskazini magharibi mwa India. Mchana hujificha chini ya mawe, jua likitua hutoka kuwinda. Mwili wake hautengenezi joto lake wenyewe, na joto la kusagia chakula hulipata zaidi kwa kulaza tumbo juu ya jiwe lililokwisha kupata moto. Tumbo likiwa baridi, mdudu aliyemezwa hukaa humo bila kusagika, kisha huoza. Kwa hiyo geko aliyepoa hukataa kula, na anafanya sawa kabisa. Ukimlazimisha unamtilia uozo tumboni.

Nyanya yangu ndiye aliyenizindua. Kama wazee wengi wa Pwani, mjusi kafiri hampendi, kwa ile riwaya ya kuupuliza moto wa Nabii Ibrahim, na chumba changu alikuwa haingii. Siku hiyo alisimama mlangoni na kanga yake mabegani, akauliza, "Huyo mgeni wako bado hali?" Nikamwambia bado, nyanya. Akasema, "Hata mimi kusi likivuma, mjukuu wangu, sina hamu ya kitu ila uji wa moto." Akaenda zake. Nikabaki nimekaa pale nikiutazama mkeka wa joto wa umeme ulioko chini ya tangi, na taa ya themostati yake, kile kifaa kinachouwasha na kuuzima, inayosoma nyuzi 32.

Binamu yangu ni fundi wa friji. Nilimwazima kile kipimajoto chenye waya mrefu na ncha ya chuma, kinachouzwa kwenye maduka ya vipuri vya friji na AC. Nikailaza ncha juu ya kigae, mahali hasa tumbo la Zafarani linapolala, nikairudishia pango juu yake, nikasubiri nusu saa. Ikasoma 25.8. Themostati bado inasema 32.

Sababu ilikuwa mimi mwenyewe. Wiki tatu nyuma nilikuwa nimeweka kigae kinene ili tangi lisafishike kwa urahisi, na waya wa themostati nikauacha chini, umegusana na mkeka. Kwa hiyo themostati ilikuwa ikipima mkeka, ikiridhika, ikizima. Juu ya kigae joto halifiki. Na kile kipimajoto cha kubandika kwenye kioo kilikuwa kikinipima hewa na kunituliza roho. Usikitegemee. Usitegemee kiganja chako pia, maana mkono wa mtu una joto lake na utakudanganya.

Basi kabla hujagusa chakula, pima sakafu ya upande wa joto. Geko chui mzima anataka kati ya nyuzi 31 na 33 pale anapolaza tumbo, na upande wa pili wa tangi uwe 24 hadi 27 ili akichoka na joto apate pa kukimbilia. Ncha ya themostati iwe juu ya kigae, na ibanwe imara, kwa sababu ikiteleza mkeka utaendelea kuwaka hadi umuunguze. Tepu ya gundi usiitie ndani ya tangi kabisa. Ngozi yake ni nyororo, ikinata hapo huchanika.

Hapa Mombasa kusi ndilo linalotudanganya, kuanzia Mei hadi Septemba, kwa sababu sisi wenyewe tunaona hali ni nzuri tu. Kaskazi ina shida yake kinyume: Februari chumba kinaweza kupita nyuzi 30 chenyewe, na upande wa baridi ukakosa baridi. Wakati huo mimi hulishusha tangi sakafuni na kuegemeza nje ya kioo chupa ya maji ya friji iliyofungwa kitambaa. Geko aliyezidiwa na joto naye hukataa kula, tena hatari yake inakuja haraka zaidi kuliko ya baridi.

Jambo la pili ni mizani. Mizani ya jikoni inayosoma gramu moja moja inatosha. Mimi humpima Zafarani kila Ijumaa baada ya alasiri, kabla ya kumlisha, ndani ya bakuli la plastiki lenye kifuniko, na naandika kwenye daftari. Daftari hilo ndilo lililonizuia nisipoteze akili ule mwezi: alianza na gramu 62, siku ya 19 alikuwa na 58. Alikuwa amepungua, lakini hakuwa amefika asilimia 10, na mkia wake bado ulikuwa mnene. Geko chui huweka akiba yake ya mafuta mkiani, na mzima mwenye mkia mnene anaweza kukaa wiki mbili na zaidi bila kula asidhurike. Mtoto hana akiba hiyo. Wa miezi miwili akikaa siku nne tano bila kula, usisubiri Ijumaa.

Na si kila kukataa ni shida. Akikaribia kujivua gamba, rangi yake huchujuka akawa kama aliyepakwa chokaa, na siku hizo hali; kisha hujivua usiku mmoja na kuila ngozi yenyewe, ukaamka usione kitu. Mgeni aliyehamishwa nyumba huchukua wiki moja au mbili kabla ya kutulia, na kila unapomshika unamrudisha mwanzo. Dume hupoteza hamu msimu wa kupandana. Jike, hata bila dume, anaweza kutunga mayai, na ukimwangalia tumboni utayaona mawili kama punje ndefu nyeupe chini ya ngozi. Jike wa namna hiyo mpe kibweta chenye udongo wenye unyevu achimbe. Akichimba siku kadhaa, tumbo limejaa na mayai hayatoki, huyo ni wa daktari.

Vitabu vingi vya wanyama hawa vimeandikwa na watu wa nchi baridi na kavu, wanaosumbuka kuongeza unyevu. Wewe unakaa kando ya bahari. Asubuhi nyingi hewa yetu ina unyevu unaopita asilimia 80, na geko chui anataka kama nusu ya huo. Kwa hiyo kifuniko kiwe cha wavu, tangi lisibanwe kwenye kona isiyopita upepo, na kile kipango chenye kitambaa kibichi cha kumsaidia kujivua gamba kiwe kimoja tu. Mchanga wa ufukweni usiuchukue, hata kama ni mweupe na unapendeza. Huumeza pamoja na mdudu, ukamjaa utumbo, akaacha kula na kuacha choo. Vigae au karatasi za jikoni zinatosha.

Wadudu nao uwaangalie. Mende wa jikoni na panzi waliookotwa chini ya taa za barabarani huenda wamepita kwenye dawa, na dawa hiyo itaishia kwa geko. Kwa sababu hiyo hiyo, chumba chake usipulize dawa ya mbu. Kimulimuli asiingie tangini hata kwa bahati mbaya. Ana sumu inayoua mijusi. Mimi hufuga nyenje wangu mwenyewe kwenye ndoo, nawalisha karoti na sukumawiki siku moja kabla, nawapaka unga wa kalsiamu, na simpi mdudu mpana kuliko nafasi iliyo kati ya macho yake. Wale funza wa nzi weusi (black soldier fly) ambao wafugaji wa kuku wanazalisha sasa ni wazuri pia, wana kalsiamu nyingi kwa asili yao. Chochote ambacho hakijaliwa hadi asubuhi kitoe. Nyenje mwenye njaa humtafuna geko aliyelala. Na miguu ya meza ya tangi iweke kwenye makopo ya maji, kama tunavyofanya na kabati la chakula, sisimizi wasipande.

Kuna dalili ambazo hazitaki subira: mkia unasinyaa wiki hadi wiki, uzito umepungua zaidi ya asilimia 10, anatapika, choo ni maji na kinanuka vibaya, macho hayafunguki, taya limekuwa laini. Mkia kuwa kama kijiti huku joto likiwa sawa kunaweza kuwa ni vimelea vya utumbo, na vingine huhamia kwa geko wengine, kwa hiyo mtenge na unawe mikono. Madaktari wengi wa mifugo hapa wamezoea ng'ombe, mbwa na paka, basi uliza kwanza kama amewahi kutibu mtambaazi. Beba choo kibichi ndani ya kikopo safi, beba daftari la uzito, beba joto ulilopima. Mahali pamoja nilipompeleka, walitaka kumdunga dawa ya minyoo bila kumpima uzito. Nilishukuru, nikamrudisha kwenye boksi, nikaondoka naye. Na kibali cha KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, kiwe jambo la kwanza kuuliza, kabla hata ya mnyama kufika nyumbani.

Baada ya kuirekebisha ile ncha, sikumpa chakula siku tatu. Nilimwachia joto na maji safi, nikafunika pande tatu za kioo kwa kitambaa, sikumshika. Usiku wa nne niliweka nyenje mmoja. Akamlamba, akageuka. Usiku wa tano, baada ya isha, alitoka pangoni akasimama na miguu yote minne imenyooka, akainamisha kichwa, na ncha ya mkia ikaanza kutetemeka taratibu kama ya paka anayevizia. Nikazuia pumzi. Akaruka mara moja. Nikasikia gamba la nyenje likivunjika mdomoni mwake, kisha akafumba macho, akameza, akalamba midomo.

Asubuhi nyanya aliuliza toka mlangoni. Nikamwambia amekula mmoja. Akasema, "Alhamdulillahi, basi leo usimpe wawili."