Kabla hujatundika daluga ukataka ukocha, soma hii kwanza

Juzi usiku kuna mdogo wangu mmoja anacheza Tabora kanipigia simu, anasema kaka mi naona msimu ujao ndo wa mwisho, mwili umechoka, nataka niingie kwenye ukocha, nianzie wapi? Tuliongea karibu saa nzima, alafu nikaona bora niandike kabisa maana sio yeye peke yake, wachezaji wengi tunafika miaka 32, 33 hatujui kesho tunashika nini.

Mi nimecheza miaka 13. Nimeanzia mchangani Ujiji, nikapanda madaraja mpaka Ligi Kuu nikacheza misimu mitatu, beki wa kati mwanzoni na baadae namba sita, kiungo wa kukaba. Goti likakataa 2022 nikarudi nyumbani Kigoma, na hata miezi miwili haijaisha nishapewa timu ya ligi ya mkoa. Nilipewa kwa jina tu. Viongozi walisema huyu kacheza Ligi Kuu, atatuvusha, na mimi nikaamini hivyo hivyo.

Sasa ngoja nikueleze kilichotokea. Nilikuwa na beki tatu, yaani beki wa kushoto, kijana mmoja wa Kibirizi, miaka 19, ana mguu mzuri sana wa kushoto na pumzi za kutosha, tatizo anapanda harudi. Mechi tatu mfululizo tunafungwa kutokea upande wake. Mimi pale pembeni napiga kelele mpaka sauti inakauka, rudi, rudi, soma mchezo! Siku moja baada ya mazoezi akanifuata taratibu, kijana mwenye adabu zake, akaniambia, "Mwalimu samahani, unaniambia kila siku nisome mchezo, nasoma nini?"

Aisee nilikosa jibu. Miaka 13 uwanjani nilikuwa najua lini nirudi na lini nibaki, lakini nilikuwa najua kwa miguu, mdomoni hakuna kitu. Usiku ule sikulala vizuri, nikawa narudia mechi zangu kichwani, hivi mimi nilikuwa naangalia nini? Kesho yake nikaenda kiwanjani asubuhi peke yangu nikawa natembea ile nafasi yake, ndo jibu likaja. Nilikuwa namwangalia kiungo wao mwenye mpira. Akiwa kainua kichwa, mpira uko mbele ya mguu wake na hamna mtu anayembana, ujue mpira mrefu unakuja, anza kurudi kabla hajaupiga. Akiwa kainama, au kageukia goli lake, au ana mtu mgongoni, hawezi kupiga mbele, hapo panda. Kitu kidogo tu hicho lakini sikuwahi kukisema kwa maneno maisha yangu yote.

Nikaweka koni, nikamweka mtu mmoja katikati na mpira, nikamwambia kijana usiangalie mpira, angalia kichwa cha huyu. Tukarudia siku nyingi, wiki ya pili akawa anaondoka mwenyewe bila mimi kufungua mdomo. Kwahiyo mdogo wangu kabla hujaniuliza habari za leseni, jiulize hilo kwanza, unachokijua unaweza kumweleza mtu wa miaka 19 akaelewa? Na usisubiri ustaafu ndo uanze, anza sasa ukiwa bado unavaa njumu. Nunua daftari, kila baada ya mazoezi andika kocha wenu kafanya zoezi gani, kwa muda gani, kwa nini unadhani kalifanya leo na sio jana, na wewe ungebadilisha nini. Mimi nimepita kwa makocha wengi, wengine wazuri mno, na sikuandika hata mstari mmoja, leo hii nakumbuka stori za kambini tu, mazoezi yao yameshapotea.

Jicho la kocha ni tofauti kabisa na la mchezaji. Julai 2021 fainali ya Kombe la Shirikisho la hapa nchini ilichezwa hapa hapa kwetu Kigoma, uwanja wa Lake Tanganyika, Simba na Yanga, nikakaa na mzee mmoja aliyewahi kunifundisha utotoni. Mukoko Tonombe wa Yanga alitolewa kwa kadi nyekundu kipindi cha kwanza, watu wote tunabishana kadi ni halali sio halali. Yule mzee hakubishana, aliniuliza tu, "Kwenye kona, mtu wa Mukoko sasa hivi anakabwa na nani?" Sikumjibu maana sikuwa hata nawaza hilo. Kipindi cha pili kona ikapigwa, Taddeo Lwanga akaruka akafunga kwa kichwa, 1-0, Simba kachukua kombe. Uwanja mzima tuliona Lwanga alivyoruka. Yule mzee alikuwa kaanza kuzihesabu kona tangu kadi inatoka.

Alafu kuna hii haraka ya kutaka kuwa kocha mkuu. Angalia Selemani Matola, mtu kawa nahodha wa Simba, lakini alishuka akafundisha vijana, akaenda Lipuli ya Iringa akaifikisha fainali ya Shirikisho 2019, akapita Polisi Tanzania, ndo akarudi Simba na bado akakaa kama msaidizi. Juma Kaseja wetu, kipa aliyeimbwa nchi nzima, alianza kwa kufundisha makipa, timu nzima ya Kagera Sugar kaja kukabidhiwa 2025. Hata Guardiola kabla ya Barcelona kubwa, 2007 alipewa Barcelona B ikiwa daraja la nne. Kwahiyo ukiambiwa njoo uwe msaidizi, au chukua vijana wa chini ya miaka 17, nenda, tena nenda mbio. Kule ukikosea unakosea kimya kimya na unapata muda wa kurekebisha, ukianzia juu kosa lako la kwanza linaimbwa jukwaani.

Leseni za ukocha za CAF, shirikisho la soka Afrika, zinaanzia D, C, B, A mpaka Pro, unapanda ngazi kwa ngazi. Mimi D nimeifanyia huko huko Tabora, nauli na malazi nimejilipia kwa kuuza pikipiki, na sijutii. Usidhani ukienda watakusifia ulivyocheza. Unapewa wachezaji na dakika zako chache uendeshe zoezi, wakufunzi wamesimama na makaratasi, wanaangalia umepangaje, unasimamisha zoezi wakati gani, maelezo yako marefu au mafupi. Mle ndani nilikutana na mwalimu wa shule ya msingi ambaye hajawahi kucheza hata daraja la tatu na alikuwa anatuacha mbali sisi wote tuliocheza ligi, kwa sababu yeye amezoea kufundisha. Kaa karibu na watu wa hivyo.

Jambo gumu zaidi kwangu lilikuwa marafiki. Straika wangu alikuwa mshikaji niliyelala nae chumba kimoja kambini misimu miwili, ana miaka 34, mbio zimeisha, na mimi naendelea kumpanga kwa sababu nashindwa kumwambia. Vijana wakaona, wakaanza kulegea mazoezini, na walikuwa na haki. Mwisho nikaenda kwake jioni, tukala ugali na migebuka, nikamwambia kaka kesho huanzi, na nikamweleza sababu zote. Alikaa kimya muda mrefu. Akaniuliza kitu kimoja tu, kwa nini hukuniambia mwezi uliopita? Hilo swali linaniuma mpaka leo. Mtu mzima mwambie mapema, nyumbani kwake, usimsubirishe asikie jina lake halijatajwa mbele ya watoto.

Na mkataba, jamani, mkataba! Timu yangu ya pili tulikubaliana kwa mdomo laki nne kwa mwezi, miezi minne nimelipwa mara moja, tukafungwa mechi mbili nikatumiwa meseji nisije mazoezini. Sikuwa na karatasi kwahiyo sikuwa na pa kuanzia. Iandikwe mshahara, posho, pa kulala, muda, ukifukuzwa unalipwa nini, na nani mwenye neno la mwisho kwenye usajili. Hiki cha mwisho watu wanakisahau, unaletewa wachezaji tisa usiowajua alafu matokeo wanakudai wewe.

Ndo hivyo mdogo wangu. Ligi ikisimama panda treni uje, ukishuka stesheni nipigie. Tutaenda Lake Tanganyika kuangalia mechi, mimi nitakuchagulia beki mmoja wa pembeni, utamwangalia yeye tu dakika 90, mpira ukiwa upande mwingine ndo umwangalie zaidi, alafu jioni utanieleza alikuwa anasoma nini. Daftari uje nalo.