Jibu: Taji na vito vya jukwaani Urusi vilikuwa vya kweli?

Ndugu, uliuliza kama taji analovaa Chaliapin, mwimbaji maarufu wa opera wa Urusi, kwenye picha za zamani za opera ya Boris Godunov lilikuwa la dhahabu. Hapana. Kofia ya Monomakh yenyewe, yaani taji la kale la watawala wa Urusi, la dhahabu na manyoya, ipo Kremlin, Moscow, na hakuna ambaye angemwachia mwimbaji atokwe jasho ndani yake. Za jukwaani zilikuwa za vitu vyepesi na rahisi, na vito vyake vilikuwa kioo cha rangi. Mtazamaji wa mbali anaona mng'aro tu, tena kioo kikubwa hung'aa vizuri zaidi kuliko rubi ndogo ya kweli.

Ila usidhani kila kitu kilikuwa bandia. Diaghilev, mwandaaji wa maonyesho wa Urusi, alipoipeleka opera hiyo Paris mwaka 1908, mchoraji Bilibin alitumwa vijiji vya kaskazini mwa Urusi kununua mavazi ya kale, tarizi na vilemba vya wanawake. Kwa hiyo baadhi ya waimbaji walivaa vitu vilivyowahi kuvaliwa na watu kweli. Mimi hilo ndilo linalonivutia kuliko taji.

Kwenye baleti mambo ni mengine, kwa sababu pambo zito humwangusha mchezaji. Vazi la mchezaji Nijinsky katika baleti ya Le Spectre de la rose (1911), lililobuniwa na mchoraji Bakst, lilishonewa petali za hariri. Inasimuliwa kwamba mtumishi wake aliokota zilizodondoka akawauzia mashabiki!

Ukitaka kuona mavazi ya jukwaani ya namna hii, anza na jumba la makumbusho la V&A, London, au jumba la sanaa la taifa huko Canberra, Australia.