Matokeo ya kidato cha sita yametoka, tuombe vyuo gani?

Kila Julai, Baraza la Mitihani (NECTA) wakishatoa matokeo, simu yangu haipumziki. Kwenye ukoo wetu mimi ndiye "mtu wa vyuo", cheo nilichopewa bila kuomba. Safari iliyopita alikuja mpwa wangu wa PCB: Fizikia D, Kemia C, Bailojia C. Kwa hesabu ya Tume ya Vyuo Vikuu (TCU), A ni pointi 5, B 4, C 3, D 2 na E 1, kwa hiyo ana pointi 8. Kwenye karatasi yake kulikuwa na jambo moja tu, udaktari wa binadamu, limerudiwa kwa kila chuo anachokijua.

"Mjomba, si nina sifa?"

Anazo. Lakini sifa za chini zinakupa haki ya kuomba, basi. Nafasi wanaanza kupewa wenye pointi za juu, na zikijaa zimejaa.

Nikamfungulia Mwongozo wa Udahili wa TCU. Watu wengi husoma sehemu ya sifa wakaishia hapo. Peleka kidole mpaka safu inayoonyesha programu inachukua wanafunzi wangapi, halafu jiulize: nchi nzima, wenye A na B za PCB wanaoitaka Muhimbili, chuo kikuu cha afya cha serikali, ni wangapi? Kisha tafuta mtu aliyeko mwaka wa kwanza kwenye programu hiyo, umuulize yeye na wenzake waliingia na pointi ngapi. Meseji moja ya WhatsApp itakusaidia kuliko maneno ya jirani.

Muhimbili hatukuifuta. Ndoto moja kwenye orodha haina ubaya. Tukaja vyuo binafsi vya tiba, nikampigia dada yangu, mama yake: mkopo usipotoka, ada mtaiweza? Akakaa kimya, kisha akasema labda mwaka wa kwanza. Udaktari ni miaka mitano. Tukavifuta. Mazungumzo haya wazazi wengi huyafanya Oktoba, barua ya udahili ikiwa mezani na mtoto ameshaanza kufunga begi.

Pale katikati tukaweka uuguzi Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) na sayansi ya maabara. Chini, Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine (SUA): lishe ya binadamu. Nilipotaja tiba ya wanyama alikunja uso, nikaiacha. Baba yake alikuwa ameongeza ualimu "wa akiba", nikamuuliza binti: ukipata huu tu, utakwenda? Akasema hapana. Ukatoka. Kwangu mimi, programu usiyokuwa tayari kuisoma haina kazi kwenye orodha, hata kama pointi zako zinaitosha mara mbili. Nimeona vijana wakiripoti kwa shingo upande na kuacha muhula wa pili.

(Wa CBG, yaani Kemia, Bailojia na Jiografia, udaktari wa binadamu unadai Fizikia. Msipoteze hela ya maombi huko. Kilimo, misitu na lishe vinawahusu.)

Tangu 2017 maombi yanatumwa chuoni moja kwa moja, na kila chuo kina ada yake ya maombi, kwa hiyo orodha ndefu ina gharama. Ukikosa awamu ya kwanza, subiri ya pili, ila angalia kwanza ni programu zipi bado zina nafasi, usirudie orodha ileile. Ukichaguliwa vyuo zaidi ya kimoja, utatumiwa namba ya siri ya kuthibitisha kimoja kabla muda haujaisha.

Mkopo unaombwa Bodi ya Mikopo (HESLB), kando kabisa na chuo, na dirisha lake lina tarehe zake. Msisubiri majibu ya chuo. Cheti cha kuzaliwa kihakikiwe RITA, wakala wa usajili wa vizazi, mapema, na kwa waliorudia mtihani wa kidato cha nne: namba ya mtihani uliyoombea chuo iwe ndiyo hiyohiyo uliyoombea mkopo.