Kabla hujanunua IC nyingine Luthuli, tengeneza probu ya kusikiliza saketi

Kuna mama jirani yetu hapa Kayole aliniletea redio yake, miaka kama minne imepita, ile redio ya kawaida ya betri na stima. Inawaka, taa inaonyesha, lakini spika kimya kabisa. Nikaifungua, nikapima volti na mita nikaona ziko sawa, nikasema basi hii ni IC ya sauti, ile chipu nyeusi ya kukuza sauti, imeenda, nikapanda mathree mpaka tao, Luthuli Avenue, nikanunua nyingine nikaweka. Kimya. Nikabadilisha kapasita mbili kubwa, kimya. Nikajaribu spika nyingine, kimya vilevile. Siku tatu, na kila jioni mama akitoka sokoni anapita ananiuliza, "Kijana wangu, bado?" na mimi namwambia kesho mama, kesho.

Mzee mmoja fundi wa siku nyingi, yeye anafanyia kazi upande wa River Road, alipita kunisalimia akaikuta iko wazi mezani. Akatoa kwa begi kitu kama kalamu imefungwa na waya kwa kikopo chenye spika ndogo, akashikisha klipu kwa graundi ya redio, yaani upande wa volti sifuri, akagusa hapa, akagusa pale, nikasikia mtangazaji anaongea ndani ya kile kikopo. Akafuata sauti mpaka kwa jeki ya hedifoni, upande mmoja inasikika, upande wa pili hakuna kitu. Ile swichi ndogo iliyo ndani ya jeki, inayokata spika ukichomeka hedifoni, ilikuwa imeshika kutu. Ilichukua kama dakika mbili hivi. Nikasugua, redio ikaongea, na pesa ya IC sikumdai mama juu IC yake haikuwa na shida tangu mwanzo.

Hiyo siku ndio niliamua sitabadilisha tena kitu chochote kwa kubahatisha, na ndio maana naandika hii, kwa sababu naona vijana wengi wanaanza kazi hii na mita peke yake. Mita ni nzuri na hauwezi kufanya kazi bila yake, lakini mita inakuambia kama stima imefika, haikuambii kama muziki umefika. IC inaweza kuwa na volti zote sawa na bado signali imekufa pini moja kabla yake. Unahitaji sikio ndani ya saketi.

Kifaa chenyewe, hiyo probu, si kigumu. Ni amplifaya ndogo yenye ncha ya kugusia. Mimi natumia LM386, IC ya miguu nane ambayo ukiangalia vizuri unaweza kuitoa hata kwa spika za kompyuta zilizokufa. Mguu wa 4 graundi, wa 6 ndio betri ya volti 9, wa 2 unaupeleka graundi, wa 3 ndio signali inaingilia ikitoka kwa voliumu ya 10k. Sauti inatokea mguu wa 5, inapita kapasita ya 220uF inaenda kwa spika ya ohm 8, na hapo kwa mguu wa 5 uweke pia resista ya ohm 10 na kapasita ya 0.047uF zikifuatana kwenda graundi, usiziruke hizo mbili, bila hizo IC inaweza kuanza kupiga kelele yake yenyewe na utadhani ni redio ya mteja. Weka na kapasita ya 100uF kati ya mguu wa 6 na graundi, karibu kabisa na IC. Vitu vyote, pamoja na kipande cha vero bodi, ile bodi ya matundu, mimi havikufika elfu moja, na spika nilitoa kwa redio mbovu.

LM386 ikiwa hivyo inakuza signali mara 20. Ukiweka kapasita ya 10uF kati ya mguu wa 1 na wa 8 inapanda mpaka mara 200. Watu wanakimbilia 200. Mimi naomba uanze na 20, kisha uweke kaswichi ka kuongeza ukifika mahali signali ni ndogo sana kama kwa maiki, kwa sababu ukiwa 200 kila wakati unasikia mvumo wa stima ya nyumba nzima na unachoka masikio bure.

Sasa ncha, na hapa ndio nataka usome polepole maana ndio iliniharibia vitu. Kati ya ncha na hiyo voliumu lazima kuwe na kapasita ya kuzuia volti za moja kwa moja (DC) zisipite, ya 0.1uF inatosha. Yangu ya kwanza nilitumia ya volti 50 kwa sababu ndio ilikuwa mezani. Nikagusa mahali sikufaa kugusa ndani ya saplai ya wufa, ile spika kubwa ya besi yenye amplifaya yake, kapasita ikapasuka na LM386 ikaenda nayo. Stima yetu ni volti 240, na ikishageuzwa na dayodi ndani ya saplai za kisasa inafika karibu volti 340, kwa hivyo nunua kapasita ya volti 630, ni kubwa kidogo lakini inalala vizuri ndani ya kikopo. Baada yake weka resista ya 10k, halafu dayodi mbili za 1N4148 kwenda graundi, moja ikiangalia juu na nyingine chini, ndio signali kubwa ikija zibebe hizo dayodi kabla haijaua IC.

Na hata na hiyo kapasita kubwa, upande wa stima wa saplai usiguse na probu. Kapasita inalinda probu, haikulindi wewe, na klipu ya graundi ukiishikisha upande ule unakuwa umeshika stima ya nyumba. Upande wa pili wa transfoma ndio wa kufanyia kazi. Kitu kingine, ukitoka mahali pa volti kubwa gusisha ncha kwa graundi kwanza kabla ya kwenda kwingine, kwa sababu kapasita yako imejaa na inaweza kuumwaga huo mzigo wote ndani ya transista ndogo ambayo haikuwa na kosa.

Waya wa kutoka kwa ncha usiwe waya wa kawaida. Tumia ule wa maiki wenye nyuzi zimezunguka nje, hizo za nje ndio graundi, ya ndani ndio signali. Na waya wa kawaida utasikia vuuuuum kila mahali hata ncha ikiwa hewani. Ncha yenyewe nilitoa kwa waya wa mita iliyokufa, nikaipachika ndani ya kalamu ya biki, na klipu ya mamba kwa graundi.

Alafu betri. Watu wananiuliza mbona nisitumie saplai ya mezani badala ya kununua betri ya volti 9. Nilitumia. Nikaletewa redio ya matatu, nikaiwasha na saplai yangu ya volti 12, probu nayo ikakula hapo hapo, nikashikisha klipu ya graundi kwa waya wa minasi wa spika, kwa sababu nilidhani minasi ni graundi. Redio nyingi za magari waya zote mbili za spika zinatoka kwa amplifaya, ile minasi inakaa karibu na nusu ya volti za betri, si graundi hata kidogo. Kwa hivyo nilikuwa nimeunganisha mdomo wa amplifaya na graundi ya saplai, IC ikawa moto, ikafa, na nikamlipia dere wa watu IC mpya. Probu ikiwa na betri yake peke yake hiyo njia haipo, ukikosea klipu namna hiyo hauui IC, na mvumo pia unapungua sana. Klipu yako kwa redio ya gari iweke kwa bati la redio.

Kutumia sasa. Ingiza signali unayoijua, mimi nina simu kuukuu yenye jeki, naweka wimbo mmoja voliumu nusu na waya kwa AUX. Halafu usianze mwanzo ukifuata kila sehemu moja moja, nenda katikati. Kwa wufa nyingi za nyumbani katikati ni voliumu au hiyo IC ya 4558 yenye miguu minane. Inatoa sauti miguu ya 1 na 7. Ukisikia muziki hapo safi, nusu yote ya nyuma umeshaiachia, shida iko mbele. Nenda sasa kwa mguu wa 1 wa TDA2030, ile IC kubwa inayosukuma spika, ndio inapoingilia. Upo? Basi gusa mguu wa 4 inapotokea, lakini kwanza shusha voliumu ya probu, hapo signali ni kubwa. Ikiingia na isitoke, na volti za miguu ya 3 na 5, inakoingilia stima, ziko sawa, hapo sasa unaweza kupanda gari uende tao kununua IC ukiwa na uhakika. Lakini mimi mara nyingi naipoteza njiani kati ya hizo mbili, na nikiangalia ni kapasita ya kupitisha imekauka au ni mguu wa voliumu umeachana na bodi. Na usisikilize kama ipo tu, sikiliza vile ilivyo. Muziki ukianza kukwaruza baada ya sehemu fulani, hiyo sehemu ndio unaitafuta, na hilo mita haiwezi kukuonyesha kamwe.

Redio ni tofauti kidogo. Hii probu inasikia sauti peke yake, haisikii mawimbi yenyewe. Kwa redio ya AM unaweza kutengeneza ncha ya pili yenye kapasita ndogo ya 100pF na dayodi ya jerimaniamu, ile 1N34 au 1N60, kwa sababu inafunguka karibu volti 0.2 au 0.3 na hiyo ya silikoni inataka kama 0.6, signali ndogo haifiki huko. Na hiyo ncha unasikia stesheni hadi sehemu ya 455kHz, yale masafa ya kati ndani ya redio, kabla haijageuzwa kuwa sauti. Kwa FM usijisumbue nayo, FM haibebi sauti kwa nguvu kupanda na kushuka, inabeba kwa masafa, hiyo dayodi haitakupa kitu cha maana. Anza baada ya IC inayoitoa sauti na uende mbele, na kama hakuna kitu hapo unajua shida iko nyuma, kwa chuna (sehemu ya kushika stesheni) au eria (antena).

Ukimaliza kazi zima. LM386 inakula karibu miliampia 4 hata ikiwa kimya, mimi nimeacha yangu ikiwaka wikendi mbili tatu nikarudi Jumatatu mteja amesimama mlangoni na betri imeisha, kwa hivyo nimeweka taa ndogo nyekundu pale juu ya kikopo na betri moja ya akiba kwa droo.